Wagonjwa wa presha wanapotea kliniki: tunajuaje kama wamekosa watu wa kuwasaidia au hali ya maisha ndiyo imewabana?

mratibu_jamii

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wanaosimamia wahudumu wa afya ya jamii, na ya wale wanaojua kupima mambo haya.

Tuchukue eneo la kaya 400, watu kama 2,000, wahudumu 8 wa kujitolea na kliniki moja. Wenye shinikizo la juu la damu wameshatambuliwa na dawa zipo. Wengi wanaanza vizuri, kisha wanapotea. Elimu imetolewa mara nyingi na mabango yamebandikwa, ila mahudhurio hayapandi. Pendekezo lililo mezani ni kuunda vikundi vya kusaidiana. Kabla hatujafika huko nauliza:

1. Tupime vipi, kwa njia nyepesi, kama watu wanakosa msaada wa kijamii? Dodoso la kurasa kumi hatuliwezi.
2. Kikundi kiwe na watu wangapi, kikutane mara ngapi, na ni nini huviua vikundi vya namna hii?
3. Kama shida yenyewe ni kazi, usafiri na makazi, vikundi vitafanya nini?

---

Nesi_Kiongozi

Mratibu, kabla ya dodoso lolote fungua rejista. Toa majina ya wote waliokosa tarehe zao katika miezi mitatu iliyopita, mhudumu awatembelee, aulize swali moja tu: "Siku ile ya kliniki ilikuwaje kwako?" Asiulize "Kwa nini hukuja?" Hilo linasikika kama mashtaka, na atakachopewa ni utetezi. Aandike maneno ya mgonjwa kama yalivyotoka, kisha myapange pamoja katika mafungu manne:

– Hakujua. Alisahau tarehe, au alidhani amepona kwa sababu hasikii maumivu. Presha kwa kawaida haiumi, kwa hiyo fungu hili huwa na watu.
– Alijua, hakuweza. Nauli, zamu ya kazi, hakuna wa kumwachia mtoto au mzee anayemuuguza.
– Aliweza, hakuona sababu. Amechoka, ana huzuni, hakuna anayemuuliza hali.
– Aliogopa. Alikaripiwa mara ya mwisho, au hataki kuonekana kwenye foleni ile.

Mwaka 1981 mwanasosholojia James House alitenganisha aina nne za msaada wa kijamii: wa hisia, wa vitendo, wa taarifa, na ule wa kumsaidia mtu apime mwenyewe anavyoendelea. Ukiyaweka mafungu yako kando ya aina hizo utaona mapema mipango mingi inapokosea. Msaada wa taarifa ndio rahisi kutoa, kwa hiyo kila mtu anapewa huo, hata yule aliyekosa nauli. Aliyekosa nauli anajua tarehe yake vizuri kuliko wewe.

Mgonjwa mmoja anaweza kuingia mafungu mawili. Mwandike kwenye yote mawili, msimlazimishe abaki na moja ili jedwali lipendeze.

---

takwimu_safi

Nakubaliana na Nesi. Ila rejista inakuonyesha waliowahi kufika tu. Kwa kupima eneo zima kuna kipimo cha Oslo chenye maswali matatu, na mhudumu anakimaliza kwa dakika chache:

Swali la 1: Una watu wangapi wa karibu unaoweza kuwategemea ukipata tatizo kubwa? Hakuna = 1; mmoja au wawili = 2; watatu hadi watano = 3; zaidi ya hapo = 4.

Swali la 2: Watu wanajali kiasi gani mambo unayoyafanya? Majibu yanaanzia "hawajali kabisa" (1) hadi "wanajali sana" (5).

Swali la 3: Ukihitaji msaada wa vitendo kutoka kwa majirani, ni rahisi kiasi gani kuupata? "Vigumu sana" (1) hadi "rahisi sana" (5).

Jumla ni kati ya 3 na 14. Alama 3–8 ni msaada hafifu, 9–11 wa kati, 12–14 imara.

Swali la 2 ndilo linaloharibika kwenye tafsiri. Ukiandika "wanafuatilia mambo yako", msikilizaji anasikia umbea, na aliyezungukwa na wambea atakupa alama 5. Tumieni "kujali", kisha mjaribu kwa watu kumi mkiwauliza wameelewa nini, kabla ya kuchapa karatasi. Mtu mwingine ambaye hajaona maswali ya asili ayarudishe kwenye lugha ya mwanzo, mlinganishe.

Kuhusu sampuli: kwenye kaya 400 mkichukua kila kaya ya 8 kuanzia namba iliyopigiwa kura kati ya 1 na 8, mnapata kaya 50. Ndani ya kaya pigeni kura pia nani ajibu, la sivyo atajibu mzungumzaji wa nyumba kila mara. Watu 50 wanatosha kuona sura ya jumla, lakini asilimia yoyote mtakayoipata inaweza kuwa juu au chini kwa pointi kama 14 za asilimia. Mkitaka kulinganisha mtaa na mtaa, 50 hawatoshi.

Kosa kubwa kuliko yote ni hili: mhudumu anabisha hodi, hakuna jibu, anahamia nyumba ya jirani. Aliyejifungia ndani, anayefanya kazi usiku na asiyeweza kufika mlangoni wanaondolewa hivyo, nao ndio hasa mnaowatafuta. Rudini mara tatu kwa saa tofauti, mara moja iwe jioni au siku ya mapumziko. Ikishindikana, andikeni "hakupatikana", msimbadilishe na mwingine.

---

Tabibu_wa_Mitaa

Naomba nijibu swali la tatu, kwa sababu likipuuzwa yote mawili ya juu yanapotea bure.

Uhusiano na watu unagusa afya moja kwa moja, na ushahidi wake ni mzito. Lisa Berkman na Leonard Syme walichapisha mwaka 1979 matokeo ya watu wazima 6,928 wa Alameda, California, waliofuatiliwa miaka tisa. Waliokuwa na mahusiano machache zaidi walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale wenye mengi, wanaume na wanawake, na tofauti ilibaki hata baada ya kuzingatia uvutaji sigara, pombe na afya waliyoanza nayo. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 148 zenye watu 308,849: wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi wa wenzao kwa asilimia 50.

Lakini tazama pia utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wanaume wa serikali ya Uingereza wapatao 18,000. Wote walikuwa na ajira ya ofisini, hakuna aliyekuwa fukara. Bado waliokuwa daraja la chini kabisa walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wale wa daraja la juu, na vifo vilishuka ngazi kwa ngazi kadiri cheo kilivyopanda. Sigara, presha na lehemu (mafuta kwenye damu) zilieleza chini ya nusu ya tofauti hiyo. Kilichobaki kinaelekea kwenye mazingira ya kazi na maisha: kuwa na mzigo mkubwa na usemi mdogo juu ya siku yako. Mtu wa namna hiyo mwili wake unakaa katika hali ya tahadhari muda mrefu, kotisoli (homoni ya msongo) inavurugika, usingizi unapungua, presha inapanda. Mjumbe wa kikundi hawezi kumwongezea usemi kazini kwa kumtembelea.

Joto kali la Chicago la Julai 1995 liliua zaidi ya watu 700, na linaonyesha mambo haya mawili yakiwa pamoja. Wachunguzi walipolinganisha waliokufa na majirani waliopona, waliokuwa hatarini zaidi ni wagonjwa wasiotoka kitandani, walioishi peke yao na wasiotoka nyumbani kila siku. Waliokuwa na kiyoyozi, usafiri na watu wa kuwajulia hali walikingwa. Kiyoyozi na usafiri ni hali ya maisha. Kujuliwa hali ni msaada wa watu. Hakuna kimoja kilichofanya kazi ya kingine.

Mratibu, fungu la "alijua, hakuweza" likiwa ndilo kubwa, usianze na vikundi vya mazungumzo. Anza na yale ambayo kliniki yenyewe inaweza kubadili wiki hii: dawa za miezi mitatu badala ya mmoja kwa mgonjwa ambaye presha yake imetulia, siku moja ya jioni, na foleni ya kuchukua dawa iliyotengwa na foleni ya kumwona mganga. Mgonjwa wa kila mwezi anasafiri mara 12 kwa mwaka. Akipewa za miezi mitatu anasafiri mara 4. Hakuna kikundi kitakachompunguzia mtu safari nane.

---

Mwezeshaji_K

Kuna kikundi kinachopunguza safari hizo, Tabibu, ruhusu nikukosoe kidogo. Mkoani Tete, Msumbiji, tangu mwaka 2008 watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU na ambao hali zao zimetulia walijiunga katika vikundi vya hadi watu sita. Kila mwezi mmoja wao alikwenda kliniki, alipimwa, alichukua dawa za wote, akirudi aliwagawia. Kwa zamu, kila mmoja alionana na mhudumu mara moja kwa miezi sita. Huo ni msaada wa vitendo, na ule wa hisia ulikuja wenyewe kwa sababu iliwalazimu waonane kila mwezi kupokea dawa. Kikundi chenye kazi ya mikono kinadumu kuliko kikundi cha kusikiliza mada.

Kwa presha ukitaka kuiga hilo, hakikisha mambo haya: wanaoingia ni waliotulia tu, kila mmoja ana kadi yake, dawa zimefungwa kwenye bahasha zenye jina na kipimo, na anayekwenda anabeba taarifa ya wenzake, yaani nani ana kizunguzungu, nani amevimba miguu, nani ameacha vidonge. Dawa za presha hazifanani. Mkizichanganya, mmoja atashushwa presha kupita kiasi na mwingine atabaki bila tiba.

Sasa vikundi vya kutatua matatizo ya eneo. Mfano uliopimwa vizuri ni vikundi vya wanawake kwa afya ya uzazi. Mapitio ya mwaka 2013 yalijumlisha majaribio saba ya Bangladesh, India, Malawi na Nepal, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza kwa maeneo ya vijijini yenye huduma haba. Mzunguko wao una hatua nne: kutaja matatizo na kuyapanga kwa uzito, kuchagua mbinu, kuzitekeleza, kupima. Hukutana mara moja kwa mwezi. Mwezeshaji ni mwenyeji wa hapo, na hahitaji kuwa mtaalamu wa tiba. Anahitaji kujua kuuliza na kunyamaza.

Vinakufa kwa nini? Sababu ya kwanza ni uchache. Jaribio moja la Bangladesh lilikuwa na kikundi kimoja kwa watu 1,414, vifo vya watoto wachanga havikupungua. Baadaye wakaweka kikundi kimoja kwa watu 309, vikapungua kwa zaidi ya theluthi. Kwa watu wako 2,000 hesabu hiyo ni vikundi sita au saba. Kikundi kimoja cha kliniki nzima kitawakusanya walewale wanaohudhuria kila kitu.

Ya pili: mwezeshaji anageuka mwalimu. Dalili yake ni rahisi kuiona. Hesabu mkutanoni nani anaongea. Mwezeshaji akizidi robo ya muda, mkutano umekuwa darasa. Ya tatu: mkutano unawekwa saa inayomfaa mwezeshaji. Ya nne ni posho ya kuhudhuria. Ikianza, siku itakapokoma kikundi kinakoma nayo. Anayefanya kazi ya safari arudishiwe nauli, hilo ni haki yake. Kulipa watu wakae ni jambo jingine.

Kikao cha kwanza nacho kinaamua mengi. Msianze na presha. Waulizeni ni nini kinawafanya waugue hapa, wapange kwa kura, mawe au mbegu zinatosha kama wapo wasiosoma. Presha inaweza kutoka ya tano. Ikitokea hivyo, fanyeni la kwanza kwanza.

---

mratibu_jamii

Asanteni sana, nimenakili yote. Yamebaki mawili. Kuna watu hawatakuja kikundini hata kikiwa mlangoni kwao, hao tuwafikie vipi? Na hali za maisha ambazo kliniki haina uwezo nazo, tuziache?

---

Nesi_Kiongozi

La kwanza. Kutokuja kikundini kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa, hasa sonona. Aliyelemewa hivyo anahitaji mtu mmoja, mahali palipotulia, na idadi ya vikao inayojulikana tangu mwanzo. Zimbabwe wana Benchi la Urafiki, lililoanzishwa mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda. Akina bibi waliofunzwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kwa vikao sita. Anafungua moyo, wanaorodhesha matatizo, anachagua moja yeye mwenyewe, wanatafuta hatua moja inayowezekana, anakwenda kuijaribu na kurudi kueleza. Jaribio la kliniki 24 za Harare lenye watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kuwa baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 upande wa benchi, na karibu 50 upande wa huduma ya kawaida.

Nguvu yake iko kwenye "anachagua moja". Mhudumu mwenye huruma hutaka kutatua yote siku ya kwanza, na mgonjwa anaondoka na orodha ndefu kuliko aliyokuja nayo.

Tahadhari ninayoisisitiza: msimuulize mtu kuhusu kukata tamaa, kutaka kujidhuru au kupigwa nyumbani kabla hamjajua mtampeleka wapi siku hiyohiyo. Andikeni kwanza jina la kituo cha rufaa, nani anapigiwa simu, nani anamsindikiza. Na maswali hayo yaulizwe mtu akiwa peke yake. Mume au mke akisikiliza, jibu halina maana, na linaweza kumletea hatari mkishaondoka.

Jingine: msimamizi wa dawa, yaani wa nyumbani anayemkumbusha mgonjwa kumeza, achaguliwe na mgonjwa. Familia ikimteua, mara nyingi inamteua mkali. Anayehesabiwa vidonge huku akigombezwa hujifunza kuvitupa.

Na wahudumu wako wanane nao ni watu. Wakutane na msimamizi kila wiki mbili, kila mmoja alete kesi moja iliyomwelemea. Mhudumu asiye na pa kushusha mzigo huanza kukwepa nyumba ngumu, na kwenye ripoti utaona nyumba hizo zimeandikwa "hakupatikana".

---

Tabibu_wa_Mitaa

Mwezeshaji, nimekukubalia kuhusu Tete.

Mratibu, la pili: msiziache, ila msizipeleke kwa wakubwa kama malalamiko ya jumla. Tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu hali za kijamii zinazoathiri afya, iliyoongozwa na Michael Marmot, ilitoa ripoti mwaka 2008 yenye mapendekezo makuu matatu: boresha hali za maisha ya kila siku, shughulikia mgawanyo usio wa haki wa madaraka, fedha na rasilimali, na upime tatizo. La tatu liko mikononi mwenu. Rejista yenu ikionyesha kwamba katika kila waliokosa kliniki kumi, sita wanafanya zamu ya asubuhi mahali pamoja pa kazi, mna hoja. Andikeni ukurasa mmoja: idadi, sababu, ombi moja, jina la cheo chenye mamlaka ya kuamua, na tarehe mtakayorudi kupata jibu. Ombi moja tu. Ukipeleka saba, utapewa lililo rahisi kuliko yote na utaambiwa umesikilizwa.

Fedha mkononi nazo hubadili afya, watunga sera walisikie hilo. Katika jaribio la Zomba, Malawi, lililochapishwa mwaka 2012, wasichana waliokuwa shuleni ambao wao na familia zao walipewa fedha kila mwezi walikutwa na VVU asilimia 1.2 baada ya miezi 18, na wasiopewa asilimia 3.0. Hapakuwa na dawa yoyote ndani ya bahasha ile.

---

takwimu_safi

Nimalizie upimaji, kwa sababu mtaulizwa kama imefanya kazi.

Chagueni kipimo kimoja kikuu: asilimia ya wagonjwa waliofika ndani ya siku 7 za tarehe yao. Hesabuni miezi mitatu kabla, kisha miezi ileile mwaka unaofuata, ili msimu wa mvua au wa kazi nyingi usiwadanganye. Alama za Oslo ziwe kipimo cha pili.

Msichague wenye alama za chini, mkawapima tena baada ya miezi sita na kushangilia. Waliochaguliwa kwa sababu siku ile walikuwa chini kabisa, wengi watapanda hata msipofanya kitu. Mkiwa na vikundi sita, anzeni vitatu kwa kupiga kura, vitatu vingine vianze miezi sita baadaye. Mtakuwa na wa kulinganisha nao, na hakuna anayenyimwa moja kwa moja.

Hesabuni pia wasiokuja. Kila mwezi mwezeshaji aandike waliohudhuria wangapi kati ya waliostahili, na wapya ni wangapi. Mahudhurio ya 20 kila mwezi yanaweza kuwa watu 20 walewale.

Karatasi za maswali ziwe na namba badala ya majina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye kabati jingine lenye ufunguo kwa mtu mmoja, na asiwe mhudumu anayeishi mtaa huo.